Hakuna Amtazamaye Mwajiriwa: Historia Fupi ya Miwani ya Clark Kent

Lipo swali ambalo wanafunzi wangu hawachoki kuliuliza, na kila mara huliuliza huku wakicheka: inawezekanaje mji mzima ushindwe kumtambua Superman kwa sababu tu amevaa miwani na suti? Hana barakoa. Hajapaka rangi usoni. Paji ni lile lile, kidevu ni kile kile, kimo ni kile kile. Na Lois Lane, mwanamke anayempenda Superman, hufanya kazi chumba kimoja na Clark Kent tangu asubuhi hadi jioni. Swali ni la haki kabisa. Jibu lililozoeleka, kwamba hizo ni hadithi za watoto na asomaye hana haja ya kudadisi, ndilo nisilolikubali.

Superman alionekana kwa mara ya kwanza katika toleo la Juni 1938 la jarida la katuni liitwalo Action Comics, nchini Marekani. Tangu hapo imekaribia miaka 90, na vizazi vinne vya wasomaji na watazamaji vimeipokea miwani ile. Jambo likikubaliwa na watu wengi kwa muda mrefu kiasi hicho, mwanahistoria hawezi kuliita upumbavu akaenda zake. Analazimika kuuliza ni nini ambacho watu hao walikuwa wamekwisha kukijua kuhusu maisha yao wenyewe, hata uongo huo ukawaingia bila kuwakwama kooni.

Tuanze na dhana yenyewe. Mshairi Mwingereza Samuel Taylor Coleridge, katika kitabu chake Biographia Literaria cha mwaka 1817, alikuwa akieleza mchango wake katika diwani aliyoitoa pamoja na William Wordsworth mwaka 1798. Katika mgawanyo wao wa kazi, yeye alipewa viumbe na mambo yasiyo ya kawaida. Akaeleza kwamba wajibu wake ulikuwa kuyapa mambo hayo utu na mfano wa ukweli wa kutosha, ili msomaji akubali kwa hiari yake kuiweka shaka kando kwa muda. Dunia imeikariri nusu ya pili ya maelezo haya na kuisahau nusu ya kwanza. Leo tunasema kwamba msomaji "anaiweka shaka kando" kana kwamba anamfadhili mwandishi, kana kwamba anafumba macho kwa adabu. Coleridge alimtangulizia mwandishi deni: toa kwanza ukweli fulani wa kibinadamu, ndipo udai imani. Kwa kipimo hicho, mtu anayeruka angani hahitaji utetezi mwingi, kwa kuwa tangu utotoni tumesikia hadithi za wanaoruka. Kinachodaiwa ushahidi ni miwani. Ukweli wake uko wapi?

Kujigeuza sura ni jambo la kale katika masimulizi, na sehemu kubwa ya ukale huo tunaweza kuipita haraka. Wasomaji wa Kiswahili waliolelewa na Alfu Lela Ulela wanamkumbuka Khalifa Harun al-Rashid akizunguka Baghdad usiku pamoja na waziri wake Jaafar, wote wawili wamevaa kama wafanyabiashara, na raia wakizungumza naye bila kujua wanazungumza na nani. Kwa Homer, Odysseus anarejea Ithaca baada ya miaka 20 akiwa katika matambara ya ombaomba. Ni kweli kwamba mungu wa kike Athena alimsaidia kwa kumzeesha. Lakini tazameni ni nani aliyemtambua na ni nani aliyeshindwa. Wale mabwana waliojazana nyumbani mwake wakiila mali yake walimrushia kigoda na matusi, wasimjue. Aliyemjua mara moja ni mbwa mzee aliyelala juu ya lundo la samadi. Baada yake ni yaya mkongwe, mtumwa wa nyumba ile, aliyekuwa akimwosha miguu akaligusa kovu. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini: walio juu walimwona ombaomba, basi, walio chini waliuona mwili.

Shujaa wa sura mbili tunayemjua leo, yaani mtu mmoja mwenye jina la mchana na jina la vita, ni mtoto wa karne ya 20, na kuzaliwa kwake kisiasa kuna kejeli ndani yake. Mwaka 1903, katika mji wa Nottingham, ulioneshwa mchezo wa kuigiza uitwao The Scarlet Pimpernel, ulioandikwa na Emma Orczy, mzaliwa wa Hungaria mwenye cheo cha ubaruni. Riwaya yake ikafuata mwaka 1905. Sir Percy Blakeney ni tajiri wa Kiingereza anayejifanya mpumbavu mpenda mavazi, asiyejali lolote isipokuwa mkunjo wa tai yake. Kumbe ndiye anayeingia Ufaransa ya Mapinduzi kwa siri na kuwaokoa makabaila wasikatwe vichwa. Mkewe mwenyewe hamjui. Wanaharakati mnaosoma hapa hamna budi kutabasamu: mzee wa ukoo huu wote wa mashujaa wa wanyonge alikuwa mtetezi wa makabaila dhidi ya umma uliowaasi.

Kutoka kwake tunafika kwa Zorro, aliyebuniwa na Johnston McCulley mwaka 1919 na kupelekwa kwenye filamu mwaka uliofuata na Douglas Fairbanks: Don Diego, mwana wa mwinyi wa California, mchana ni goigoi anayepiga miayo, usiku ni upanga. Mwezi Mei 1939 alikuja Batman wa Bob Kane na Bill Finger, na mchana wake ni Bruce Wayne, kijana tajiri aliyechoshwa na kila kitu. (Finger alifariki mwaka 1974, jina lake lilianza kutajwa rasmi pamoja na la Kane mwaka 2015. Tutarudi kwenye suala la majina.)

Watatu hawa wanajificha mahali pamoja: katika uvivu wa tabaka lao. Kila mtu anajua kwamba tajiri hana kazi, na mtu asiye na kazi hawezi kushukiwa kuwa amechoka kwa kazi ya usiku. Tena wote watatu huficha nyuso zao, Percy kwa kujigeuza na Zorro na Batman kwa barakoa, maana uso wa bwana unajulikana. Watumishi wake, wapangaji wake na wadeni wake wameukariri. Bwana akitaka asitambuliwe hana budi kuufunika.

Superman haufuniki. Hapo ndipo vijana wawili wa Cleveland, katika jimbo la Ohio, walipofanya jambo ambalo sioni kama limethaminiwa inavyostahili.

Jerry Siegel na Joe Shuster walizaliwa mwaka 1914, wote wawili watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, Siegel hapo hapo Cleveland na Shuster mjini Toronto. Walikutana shuleni wakati Mdororo Mkuu wa Uchumi ulipokuwa ukifunga viwanda na benki. Babake Siegel alikuwa na duka la nguo; mwaka 1932 alifariki dukani humo baada ya kuvamiwa na wezi. Vijana wenyewe walivaa miwani, walikuwa na haya, na wasichana hawakuwatazama. Hayo waliyasema wao wenyewe baadaye bila kuona aibu. Kwa umbo la Superman, Shuster alimwazima Fairbanks, yule yule wa Zorro. Kwa Clark Kent alimtazama mchekeshaji Harold Lloyd, ambaye tangu mwaka 1917 aliigiza kijana wa kawaida mwenye fremu za miwani zisizo na vioo. Lloyd alikuwa miongoni mwa nyuso mashuhuri sana za sinema ya enzi yake, lakini akizivua fremu zile aliweza kupita mitaani bila umati kumzonga. Basi dhana ya miwani ina mfano wake hai, ingawa umepinduliwa: kwa Lloyd miwani ndiyo iliyobeba umaarufu, kwa Kent ndiyo iliyouzima.

Sasa isomeni hadithi ile ya mwaka 1938 kama mngesoma waraka wa kihistoria. Clark Kent si tajiri. Ni mwajiriwa. Ana mhariri anayempa amri, ana muda wa mwisho wa kuwasilisha habari, ana mshahara. Katika toleo hilo hilo la kwanza anampeleka Lois dansini. Jambazi mmoja anataka kumchukua Lois kwa nguvu, Clark ananywea, na Lois anamwambia ana kwa ana kuwa ni mwoga, kisha anaondoka. Superman naye, katika kurasa chache tu, anamwokoa mwanamke aliyehukumiwa kifo kwa kosa lisilo lake, anamtia adabu mume anayempiga mkewe, na anamfuatilia mtu wa kati anayemhonga seneta ili nchi iburutwe katika vita vya Ulaya. Huyo ndiye Superman wa awali: mtu wa mageuzi ya jamii, mwenye hasira. Viumbe kutoka sayari nyingine walikuja baadaye.

Siegel na Shuster walikihamisha kificho kutoka kwenye uvivu wa tajiri na kukiweka kwenye utii wa mwajiriwa. Wakagundua kwamba hapo barakoa haihitajiki. Mtu anayesema "ndiyo, bwana", anayejikwaa kwenye kapu la takataka, anayempisha kila mtu mlangoni, amekwisha kujifunika kwa kitu kinachoziba kuliko kitambaa. Wale waliotoa senti 10 kulinunua jarida lile hawakuhitaji kuelezwa. Wengi wao walikuwa watoto wa watu waliofukuzwa kazi, na walikuwa wameona baba zao wakisimama mbele ya meza za mabwana bila kuinuliwa macho.

Watumishi wa umma wanalifahamu jambo hili kuliko mimi. Katika ofisi nyingi nilizopata kuingia, siri za idara haziko kwenye kabati lenye kufuli; ziko kwa tarishi na kwa mhudumu anayeleta chai. Wakubwa husitisha mazungumzo mwenzao wa cheo sawa anapoingia. Mhudumu akiingia na sinia, mazungumzo yanaendelea. Mwaka mzima unaweza kupita bosi asijue karani wake wa masjala ana macho ya namna gani, ilhali karani anajua hata ni kiatu kipi bosi huvaa siku anayokusudia kufoka.

Mpinzani atasema kwamba hayo ni mazungumzo ya ofisini tu, na kwamba katika maisha ya kweli hakuna aliyewahi kujificha nyuma ya miwani mbele ya mtu anayemjua. Amewahi mtu kufanya hivyo, nchini Marekani, miaka 90 kabla ya Superman, na dau lake lilikuwa uhai.

Ellen Craft alizaliwa mtumwa mwaka 1826 katika jimbo la Georgia. Babake alikuwa ndiye bwana wake, mzungu. Mamake alikuwa mtumwa wa nyumba hiyo. Rangi yake ilikuwa nyeupe kiasi kwamba wageni walimdhania kuwa mtoto wa familia, na bibi wa nyumba alichukizwa sana hata akamtoa, akiwa na umri wa miaka 11, awe zawadi ya harusi kwa binti yake: yaani kwa dada wa Ellen kwa baba. Mumewe, William, alikuwa seremala hodari wa samani, mtumwa pia, aliyekodishwa kwenye karakana na ujira wake mwingi kuchukuliwa na bwana. Mwezi Desemba 1848, mjini Macon, walibuni mpango. Ellen atakuwa bwana mdogo wa kizungu, mgonjwa, anayesafiri kwenda Philadelphia kutafuta tiba. William atakuwa mtumwa wake.

William alinunua mavazi kidogo kidogo, kila kipande duka lake. Suruali aliishona Ellen mwenyewe. Nywele zikakatwa. Kidevu kisicho na ndevu kikafungwa bendeji kana kwamba jino linauma. Mkono wa kulia ukaning'inizwa kwa kitambaa shingoni, kwa sababu sheria iliwanyima watumwa kusoma na kuandika, na hotelini angetakiwa kutia sahihi. Kisha ikaja miwani: miwani ya vioo vya kijani.

Asubuhi ya kwanza, ndani ya behewa, kabla treni haijaondoka Macon, mzee mmoja aliingia akaketi ubavuni mwa Ellen. Alikuwa rafiki wa bwana wake. Jana yake alikuwa amekula chakula katika nyumba ile ile ambamo Ellen alitumika. Alikuwa akimwona tangu utotoni. Alimsalimu, akataja uzuri wa hali ya hewa. Ellen akajifanya kiziwi. Mzee akarudia kwa sauti ya juu zaidi, akapata jibu fupi, akamhurumia kijana yule kwa uziwi wake, na akageukia mazungumzo na abiria wengine hadi aliposhuka. Mwenye karakana ya William naye alifika stesheni kwa wasiwasi, akachungulia behewa la Ellen, akamtazama, asimjue; treni ikaondoka kabla hajafika kwenye behewa la watumwa.

Niwaulizeni: ni miwani iliyofanya kazi hiyo? Vioo viwili vya kijani na bendeji? Yule mzee alikuwa na macho mazima na uso ulikuwa kando yake. Alichokosa ni uwezekano. Katika kichwa chake hakukuwa na nafasi ya kuliweka wazo kwamba mtumwa wa kike anaweza kuketi kwenye behewa la mabwana, akiwa amevaa kofia ndefu, akijibu kwa mkato kama mtu asiyependa kusumbuliwa. Miaka yote ya kumwona Ellen akipita na vyombo haikumfundisha uso wa Ellen. Ilimfundisha tu kwamba kulikuwa na mtumishi.

Upande wa pili wa jambo ni mzito zaidi. Ellen aliweza kumwigiza bwana kwa siku nne, kwa treni na meli, kupitia Savannah, Charleston, Richmond na Baltimore, kwa kuwa alikuwa amewasoma mabwana maisha yake yote. Alijua wanavyoketi, wanavyochoshwa, wanavyotazama dirishani wasipotaka kujibu. Katika meli ya kwenda Charleston kosa lake moja tu lilionekana: alimshukuru William kwa kumhudumia. Afisa mmoja wa jeshi alimkanya hapo hapo, kwamba ukimshukuru mtumwa unamharibu. Waliligundua kosa la daraja ndani ya dakika moja. Uso hawakuugundua safari nzima. Baltimore, mpaka wa mwisho wa nchi za utumwa, ofisa wa reli aliwazuia akidai uthibitisho wa umiliki wa William, na ikawa nusura mambo yaharibike. Mwishowe, kengele ya kuondoka ikilia na bwana yule akionekana mgonjwa hoi, aliwaachia. Walifika Philadelphia alfajiri ya Krismasi.

William aliandika habari hizi katika kitabu kilichotolewa London mwaka 1860. London, kwa kuwa Sheria ya Watumwa Watoro ya mwaka 1850 iliwapa mabwana haki ya kuwafuata hadi majimbo huru, na mawakala walifika Boston kuwatafuta. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe walirudi Marekani, wakafungua shule Georgia. Sijaona ushahidi wowote kwamba Siegel na Shuster waliwahi kuisoma habari hii, wala sidai hivyo. Ninachosema ni kwamba miwani ya Ellen na miwani ya Clark zinategemea upofu wa aina moja, na upofu huo ulikuwapo kabla ya katuni.

Sayansi inasaidia kidogo tu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, waliwapa watu jozi za picha na kuwauliza kama ni mtu yule yule. Picha moja ikiwa na miwani na nyingine ikiwa haina, usahihi ulishuka kwa takriban asilimia 6. Ni tofauti ya kweli, lakini ilihusu nyuso za wageni. Kwa nyuso tunazozifahamu jicho la binadamu ni kali sana. Kwa hiyo miwani peke yake ingemsaidia Kent kwa wapita njia, isingemsaidia kwa Lois. Tunarudi pale pale: lazima kiwepo kitu kingine kinachoziba.

Wachapishaji wenyewe walipoteza imani na miwani yao. Mwaka 1978, katika toleo la 330 la jarida la Superman, walitoa maelezo: vioo vya miwani vilitengenezwa kwa vioo vya chombo kilichomleta Superman duniani, na bila yeye kujua vilikuza uwezo wake wa kuwazuga watu wamwone dhaifu. Maelezo haya yanaua kila kitu. Ikiwa Lois amezugwa, basi hana kosa, jamii haina kosa, na hadithi haituhusu tena. Mwaka huo huo, mwezi Desemba, mwigizaji Christopher Reeve alitoa jibu bora zaidi kwenye filamu bila neno la ufafanuzi: akiwa peke yake sebuleni kwa Lois, Clark anaivua miwani, mabega yanafunguka, mgongo unanyooka, sauti inashuka, anakaribia kusema, kisha anaivaa tena na mwili wote unarudi ndani. Ni sekunde chache. Anayetaka kujua mwajiriwa anavyoubeba mwili wake mbele ya mkubwa na azitazame.

Kuhusu Lois nina neno, kwa kuwa hakutendewa haki. Tangu miaka ya 1940 aliandikwa akishuku kwamba Clark ndiye Superman, na mwaka 1958 alipewa jarida lake mwenyewe ambamo shaka hiyo ilikuwa mchezo wa kudumu. Alikusanya ushahidi kama mwandishi mzuri wa habari, na kila mara mashujaa wa kiume walishirikiana kumdanganya, kisha msomaji akaalikwa kumcheka kwa udadisi. Alikuwa sahihi kwa zaidi ya miaka 40 na akaitwa mbea. Mwaka 1991 ndipo Clark alipomwambia ukweli, tena kwa kuwa wamekwisha kuchumbiana. Wasichana waliosoma jarida lile walijifunza nini kuhusu mwanamke mwenye ushahidi mkononi?

Lakini hadithi ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote ni ya mwaka 1987, iliyoandikwa na John Byrne. Lex Luthor hapa si mwanasayansi kichaa wa zamani. Ni mfanyabiashara mkubwa anayeumiliki nusu ya mji. Anataka kujua uhusiano wa Clark Kent na Superman. Anaajiri wataalamu, anakusanya data, anamwingizia kompyuta kila kitu. Jibu linatoka: Clark Kent ni Superman. Luthor analisoma, na analikataa. Mtafiti aliyelifikia anafukuzwa kazi papo hapo. Hoja ya Luthor ni rahisi: mtu mwenye uwezo kama ule hawezi kamwe kukubali kuishi kama mtu wa kawaida, kuamrishwa, kupanga foleni. Yeye asingekubali, basi hakuna awezaye kukubali.

Tazameni tulikofika kutoka kwenye kicheko cha miwani. Luthor anao ushahidi wote, na hauna tundu. Kinachomshinda ni imani yake kuhusu mamlaka: kwamba nguvu lazima ijioneshe, na kwamba asiyejionesha hana nguvu. Wahenga walimwonya kwamba simba akinyeshewa usidhani ni paka, lakini Luthor ni mtu ambaye hajawahi kunyeshewa. Nimewaona viongozi wakizisoma ripoti za wataalamu wao kwa namna hii hii. Takwimu ni sahihi, mbinu ni sahihi, hitimisho ni wazi. Na hitimisho linakataliwa kwa kuwa linawataja watu ambao kiongozi hakuwahi kudhani kuwa wanaweza kufanya lolote. Kisha mtafiti anahamishwa.

Limebaki suala la majina niliyoahidi kulirudia. Mwaka 1938 Siegel na Shuster waliuza haki zote za Superman kwa dola 130, wagawane. Walikuwa na umri wa miaka 23 na walifurahi kupata hundi. Kampuni ikavuna mamilioni: magazeti, redio, sinema, vinyago, kila kitu. Mwaka 1947 walikwenda mahakamani kudai haki zao. Wakashindwa kuzirudisha, wakapewa malipo ya kumaliza kesi, na majina yao yakaondolewa kwenye hadithi. Kwa takriban miaka 30 Superman alitoka kila mwezi kana kwamba hakuwa na wazazi wa duniani wala wa sayari nyingine.

Mwaka 1975, habari zilipoenea kwamba filamu kubwa ya Superman inaandaliwa, Siegel aliviandikia vyombo vya habari kulalamika. Waandishi walipomtafuta walimkuta na umri wa miaka 61, akiwa karani mchapaji mjini Los Angeles. Shuster alikuwa New York, akiishi na nduguye, macho yake yamefifia karibu ya kutoona. Wachoraji wenzao na chama chao wakapaza sauti, magazeti yakaandika, na Desemba mwaka huo kampuni ikakubali kumlipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kuyarejesha majina yao. Haki zenyewe za Superman zilibaki kwa kampuni.